Salama ya Mama wa Shunemu

Somo la juma. Soma kwanza 2 Wafalme 4:8–37, halafu 2 Wafalme 8:1–6.

Pasta aliponiomba niandike somo hili kwa ajili ya wababa na wamama waliovuka miaka hamsini, nilimwambia kuna andiko moja ambalo niliwafundisha vibaya, na kama nitaandika basi nianzie hapo. Akasema, andika hivyo hivyo.

Mwaka 2018, mwezi wa tatu, wakati tungali tunaabudu kwenye lile jengo la mabati, nilisimama nikahubiri juu ya mama wa Shunemu. Wengi wenu mnalijua neno hilo. Mtoto amefia mapajani mwake. Amemlaza kwenye kitanda cha nabii, amefunga mlango, amepanda punda kwenda Karmeli, na Gehazi anapomuuliza kama kila kitu ni kizuri, yeye anajibu kwamba ni salama. Nikawaambia, "Geukia jirani yako, mwambie salama!" Kanisa likalipuka. Nikasema mtu wa imani haruhusu kinywa chake kitaje shida. Wengine mlikimbia mpaka madhabahuni.

Siku hiyo nilikuwa na wiki tatu bila kazi, na mke wangu hakujua.

Nilikuwa nimefanya kazi katika kiwanda kimoja cha Industrial Area kwa miaka 27. Nilianza kwa kubeba mizigo, nikawa msaidizi wa fundi, nikaishia kuwa msimamizi wa mashine zamu ya mchana. Hapa kanisani mlikuwa mmeanza kuniita Injinia ingawa sikusomea uinjinia, na sikuwahi kuwakataza. Mashine mpya zikaja, watu tukapewa barua. Siwalaumu. Walinilipa siku 15 za mshahara kwa kila mwaka niliofanya, kama Sheria ya Ajira ya 2007 inavyosema, na ukipiga hesabu ya miaka 27 unapata mshahara wa mwaka mmoja na kidogo. Kwa mtu wa miaka 54 mwenye mtoto chuo na mwingine sekondari, hiyo si pesa ya kulalia.

Lakini si pesa iliyonimaliza. Mimi nilikuwa nimejipangia 60. Serikali iliposogeza umri wa kustaafu wa wafanyakazi wake kutoka 55 hadi 60 mwaka 2009, nami nikauchukua mwaka huo wa 60 kama wangu, kana kwamba tangazo lile liliandikwa kwa jina langu. Nilikuwa nimeshaona vile nitaagwa: keki, saa ya ukutani, bosi akisema maneno mazuri. Badala yake nilipewa bahasha, nikarudisha ovaroli moja, nyingine nikabaki nayo.

Hiyo niliyobaki nayo ndiyo nikaendelea kuvaa. Saa kumi na moja alfajiri naamka, napewa mkebe wangu wa chakula, natembea mpaka steji ya Njiru, naingia matatu, Kangundo Road yote mpaka tauni. Nashuka Muthurwa. Nakaa. Nahesabu magari. Saa saba nakula chakula kile ambacho mke wangu amepika akidhani kinaliwa kiwandani. Jioni narudi nimechoka kabisa, na si uongo, maana kukaa bure kunachosha kuliko mashine.

Mtaniuliza, mzee wa kanisa mzima, kwa nini hukusema? Nilijua kufunga siku tatu. Nilijua kuweka mikono juu ya mgonjwa. Lakini kumwambia mama watoto "nimefutwa, na ninaogopa", hayo maneno machache hayakuwa kinywani mwangu. Hakuna aliyewahi kunifundisha. Baba yangu sikumsikia akisema anaogopa hata siku moja, na nina hakika aliogopa. Tena nilijiuliza, nikisema, mtaniita nani? Injinia wa nini?

Kilichokosa mlango wa mdomoni kikatokea kwingine. Kijana wangu aliacha taa ya choo ikiwaka, nikamfokea mpaka jirani akabisha kuuliza kama tuko sawa. Nikamjibu jirani, salama. Usiku mke wangu alikuwa anaamka, anafungua dirisha, anakaa kwenye kiti gizani. Nikadhani ananikimbia. Nikageukia ukutani. Na kuna jioni moja, nikiwa kwenye gari la kurudi nyumbani, nilifikiri kwamba hawa watu wangekuwa na nafuu bila mimi. Nililitubu wazo hilo haraka, lakini sikumwambia mtu. Kesho yake lilirudi.

Wiki ya tano, nyanya zikapanda bei hapa soko letu. Mke wangu huuza mboga, na kwa kawaida huchukua mzigo hapa hapa, lakini siku hiyo aliamua kwenda Marikiti mwenyewe. Akapitia Muthurwa na gunia lake. Akanikuta kwenye benchi, saa nne asubuhi, na ovaroli, na mkebe magotini.

Aliniangalia, akaangalia mkebe. Hakupiga kelele. Aliweka gunia chini, akaenda kwa mama wa chai, akarudi na vikombe viwili na mandazi. Tukanywa. Kisha akauliza, "Tangu lini, Mzee?"

Nikamwambia, wiki ya tano.

Akanyamaza kwa muda. Mimi nilikuwa nangoja niambiwe niliyostahili kuambiwa. Akasema, "Basi hata mimi nikuambie. Miezi minane sijalala usiku mzima. Nadhani kuna kitu kibaya mwilini mwangu. Niliogopa kukwambia kwa sababu siku hizi una hasira."

Wapendwa, fikirieni hilo. Kitanda kimoja, wakristo wawili, maombi ya pamoja kila jioni, na kila mmoja anamwambia mwenzake salama.

Haya ya mke wangu nayaandika kwa ruhusa yake. Ameyasoma kabla ya Pasta. Alikuwa na miaka 49. Joto lilikuwa linampanda kutoka kifuani hata usiku wa baridi, analowa jasho, moyo unaenda mbio, machozi yanakuja bila sababu, anasahau mahali ameweka funguo za kibanda. Alikuwa ameombewa mara mbili kisirisiri na akaambiwa ni roho ya ukoo. Akafunga na kuomba, na kwa sababu alikuwa halali na sasa tena hali, akazidi kuwa mgonjwa. Tulipoenda kliniki, muuguzi alimuuliza maswali, akampima presha na sukari, akamwambia, "Mama, hedhi yako inakoma." Wanawake wengi hupitia hayo kati ya miaka 45 na 55. Wengine hupita bila shida, wengine huteseka miaka kadhaa, na kuna namna ya kusaidiwa. Mke wangu alilia pale pale kwenye kiti, kwa furaha, kwa sababu kumbe halikuwa laana.

Sisemi pepo hawako. Nimewaona wakitoka kwa macho yangu. Lakini mama wa miaka 49 akisema ana joto usiku, ndugu waombeaji, muulizeni kwanza kama ameona daktari.

Sasa turudi kwenye andiko, nililisome vizuri mara hii. Neno salama mama yule alilisema kwa nani? Alimjibu mumewe hivyo, mstari wa 23, na akamjibu Gehazi hivyo, mstari wa 26. Mumewe alikuwa mzee, na mtoto alipolia kichwa shambani alimwambia tu mtumishi ampeleke kwa mamaye. Gehazi naye alikuwa mtu wa kutumwa. Hao wawili hakuwafungulia. Lakini alipofika kwa Elisha, mambo ya salama yakaisha. Alianguka, akamshika miguu. Gehazi akataka kumsukuma aondoke, maana Gehazi alikuwa anaona aibu kwa niaba ya nabii. Na maneno aliyoyasema mama yule hayakuwa sifa. Yalikuwa malalamiko: je, ni mimi niliyekuomba mtoto? Si nilikwambia usinidanganye? Mimi katika mahubiri yangu nilikuwa nimekomea mstari wa 26, kwa sababu baada ya hapo hakuna kitu cha kumwambia jirani yako.

Basi usisome kwamba alikosea kumjibu Gehazi vile. Si kila mtu ni wa kuambiwa. Tunajua hapa mtaani maombi yanavyogeuka kuwa habari. Unaomba uombewe ndoa yako Jumatano, ikifika Ijumaa mama wa kibanda cha pili anakuangalia na huruma. Mama yule aliangalia nani wa kumwambia. Lakini alihakikisha kuna mmoja. Alisafiri na punda kumtafuta, na hakukubali kutolewa miguuni pake.

Tena angalia jibu la Elisha kwa Gehazi. Anamwambia amwache, nafsi yake ina uchungu, na Bwana amemficha jambo hilo. Nabii hakujua! Sisi Wapentekoste hapa tuna tabia mbaya. Mtu anakaa nyuma miaka miwili akiwa amevunjika, anangoja Pasta aonyeshwe. Pasta asipomwita kwa jina, anasema Mungu amemsahau, au Pasta hana Roho siku hizi. Elisha, aliyejua mambo ya wafalme chumbani mwao, hakuonyeshwa shida ya mama aliyemjengea chumba na kumwekea kitanda, meza, kiti na taa. Aliambiwa kwa mdomo. Kama Elisha aliambiwa kwa mdomo, mwambie Pasta wako kwa mdomo.

Halafu kuna fimbo. Elisha alimpa Gehazi fimbo yake akimbie nayo, aiweke juu ya uso wa mtoto. Haikufanya kitu. Mimi huiona fimbo ile kila siku kwenye simu yangu: yale maandiko yenye maua na mikono iliyoshikana, tunatumiana asubuhi, "nakuombea, mpendwa." Si dhambi. Lakini fimbo haikumwamsha mtoto. Elisha mwenyewe alipaswa kufika, kuingia chumbani, kufunga mlango, kujinyosha juu ya mtoto mdomo kwa mdomo, macho kwa macho. Na hata hapo mwili ulipata joto tu. Akashuka, akatembea ndani ya nyumba huku na huku, akapanda tena. Napenda sana kule kutembea huku na huku. Nabii hajui afanye nini, anazunguka tu sebuleni kama mtu mwingine yeyote, lakini haondoki.

Mzee mmoja wa kanisa hili alinifanyia hivyo. Sitamtaja, hataki. Mwaka ule mzima alikuja kwangu kila Jumamosi jioni. Hakuwa na neno la unabii. Tulikuwa tunarekebisha lango langu lililoharibika, ambalo kwa kweli lilipona wiki ya pili, lakini tuliendelea kulirekebisha. Siku ya tatu au ya nne hivi ndipo nilimwambia lile wazo la kwenye gari. Akaweka nyundo chini. Akasema, "Hata mimi, 2011." Halafu Jumatatu akanisindikiza kwa daktari.

Kwa hiyo niwaambie wazi, maana hili sikufundishwa. Huzuni ya kupoteza kazi, mume, mke, mtoto aliyehamia mbali, hiyo ni huzuni, nayo huja na kupungua. Lakini ukikaa wiki mbili na zaidi, karibu kila siku, hakuna kitu kinachokufurahisha, usingizi umeharibika, chakula hakina ladha au unakula kupita kiasi, unajiona huna maana, basi huo huenda ni ugonjwa, ambao vijana wetu huuita depresheni, na una matibabu kama presha ilivyo na matibabu. Kwa wababa mara nyingi hutokea kama hasira, au chupa, au kukaa nje mpaka usiku. Anza na kituo cha afya kilicho karibu. Ukielekezwa Mathari, nenda. Hospitali ile imekuwapo tangu 1910 na sisi bado tunaitumia kama tusi. Na kama unafikiria kujitoa uhai, usingoje Jumapili; mwambie mtu leo, na uende hospitali leo. Zamani aliyejaribu kujiua alikuwa mhalifu kwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Isiwe kwamba korti ina huruma kuliko kanisa.

Nimewaomba msome na sura ya 8, na wengi huwa hawafiki huko. Miaka imepita. Njaa imekuja, mama yule ameambiwa ahame, amekaa miaka saba nchi ya Wafilisti. Sasa amerudi. Mumewe hatajwi tena. Alikuwa mzee tangu mwanzo, labda amekufa. Nyumba na shamba havimo mikononi mwake. Watu wa Njiru mliowahi kurudi kwenye ploti yenu mkakuta mtu mwingine amemwaga mchanga na mawe, hamhitaji kuelezwa.

Mnakumbuka katika sura ya 4 Elisha alimuuliza kama anataka aombewe neno kwa mfalme? Akajibu kwamba yeye anakaa kati ya watu wake. Yaani ninajitosheleza, sina haja. Mwanamke mwenye mali, mwenye heshima, hana cha kuomba. Huyo huyo sasa anakwenda mwenyewe mbele ya mfalme analilia nyumba yake na shamba lake. Na wakati ule ule Gehazi yuko pale anamsimulia mfalme habari zake. Akarudishiwa vyote, hata mapato ya shamba tangu siku alipoondoka.

Kwangu mimi huko ndiko kukua. Ujanani nguvu yake ilikuwa kutohitaji mtu. Katika umri wake mkubwa amejifunza kuhitaji, na kusema anachohitaji kwa sauti, tena mbele ya watu. Hilo halikuja siku moja. Nadhani lilianzia pale Karmeli, miguuni.

Tuna mfano hapa karibu. Mzee Kimani Maruge alianza darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya shule ya msingi kufanywa bure. Hiyo wote tunajua, tuliona picha yake na kaptura na soksi ndefu. Wachache wanakumbuka yaliyofuata. Vurugu za uchaguzi zilimpata, akapoteza mahali pake, na mwaka 2008 akaletwa Nairobi kwenye makao ya wazee. Mzee wa karibu miaka 88, amepoteza kila kitu mara ya pili. Akaomba shule tena. Akaingia darasa la sita Marura, hapo Kariobangi, kilomita chache kutoka tulipo. Mwaka uliofuata akabatizwa, na Agosti mwaka huo huo wa 2009 akafa. Huwa nafikiria ile siku ya Kariobangi kuliko ile ya Eldoret. Ya Eldoret alikuwa na ndoto. Ya Kariobangi alipaswa kwenda kuomba upya, kwa walimu wasiomjua, akiwa mgeni, na mkongojo.

Mimi nilienda kwa kijana wa miaka 26 mwenye karakana ya pampu za maji, barabara ya kuelekea Ruai. Mashine za kiwandani nilizijua, lakini hizi ndogo zenye mitambo ya kielektroniki sikuzijua hata kidogo. Nilimwambia, "Mwalimu, nina mikono lakini sina masomo ya hivi vitu." Alicheka, akadhani natania kumwita mwalimu. Mwezi wa kwanza niliunguza pampu ya mteja, tukailipa kidogo kidogo. Sasa nina miaka 61 na mashine za kusaga unga na pampu za hapa nyingi nimezipitia. Pesa si kama ya kiwandani, na sitawadanganya kwamba nilirudishiwa mara saba, ingawa najua wahubiri wanaoweza kuimalizia hadithi hii hivyo. Kuna asubuhi bado naamka na uzito. Siku hizo namwambia mke wangu kabla ya chai. Naye joto likimpanda usiku ananiamsha, tunakaa wote kwenye dirisha.

Kijana wangu wa taa ya choo nilimwomba msamaha mwaka jana. Alisema alishasahau. Hajasahau, alinikumbatia kama mtu ambaye hajasahau.

Kwa vikundi vya nyumbani: msijibu haya yote, chagueni moja mkae nalo. Ni nani unayemwambia salama kila siku, na je, huyo ni Gehazi au ni Elisha? Kuna mtu uliyempelekea fimbo wakati alikuhitaji wewe mwenyewe? Ni nyumba gani au shamba gani unaogopa kulililia kwa sababu ulishazoea kusema unakaa kati ya watu wako? Wababa, mkiulizwa swali la kwanza msianze kueleza Kiebrania.

Wanaotaka kuendelea na somo hili tunakutana Alhamisi saa kumi na moja jioni katika chumba cha watoto, wababa na wamama pamoja. Chai ipo. Viti ni vile vifupi vya Sande Skuli, kwa hivyo mwenye magoti mabaya aje na chake.